Nafasi mbili zinazolinda pesa ya watu

Kuna kazi moja mu informatiki ambayo karibu kila mtu anaidharau. Ni kupanga vizuri mifano iliyo ndani ya kitabu cha maelezo ya programu. Huyu mfanyakazi hatengenezi programu na hauzi mashine. Anachukua ukurasa ulioandikwa na mwingine, anaangalia kila kisanduku cha mfano, anahakikisha mistari imekaa sawa, nafasi kati ya maneno hazikupotea, amri iko peke yake na jibu la mashine liko peke yake. Vijana wetu wakisikia hivyo wanacheka: « Iyo nayo ni kazi? » Mimi ninasema ndiyo, ni kazi. Na mu programu za kontabilite, ni kazi ya kulinda pesa ya watu.

Ninazungumzia hapa zile programu huria ambazo mtu anaandika hesabu yake kwa maandishi matupu. Ya kwanza kujulikana ni Ledger, iliyoanzishwa na John Wiegley mwaka 2003. Mwaka 2007 Simon Michael akaanzisha hledger, inayofuata njia ileile. Martin Blais akatengeneza Beancount, yenye masharti yake tofauti kidogo. Zote tatu ni za bure, na kode yake iko wazi: anayetaka kuisoma anaisoma, anayetaka kuirekebisha analeta pendekezo lake.

Hazina madirisha mengi wala vibonyezo vya rangi. Unafungua faili na unaandika, sawa vile mama wa butike anaandika mu kaye: tarehe, sababu, pesa imetoka wapi, imeenda wapi. Kisha unaiuliza programu: sanduku liko na ngapi? Tumetumia ngapi mwezi huu? Inajumlisha na kukujibu.

Juu ya nini zitufae sisi? Faili la hesabu za mwaka mzima za butike ni dogo kuliko picha moja ya telefone. Mashine ya zamani inatosha. Intaneti haihitajiki kila siku. Hakuna kulipa abonema kila mwaka. Tena dola na franka zinakaa pamoja mu faili moja, jambo ambalo kila mufanyabiashara wa Bukavu, Goma ao Lubumbashi analijua: asubuhi anauza kwa franka, jioni analipa kwa dola. Na siku programu ikikufa, faili linabaki linasomeka kwa macho. Kwa mtunza hazina wa koperative ya kahawa, wa parokia ao wa komite ya wazazi, hayo si mambo madogo.

Lakini programu hizi ziko na masharti, na njo pale mifano inaanza kuwa na uzito.

Mu Ledger na mu hledger, jina la konti linaweza kuwa na nafasi ndani yake. Unaweza kuita konti « Matumizi:Kodi ya nyumba » na hakuna ubaya. Sasa programu itajuaje jina limeishia wapi na kiasi cha pesa kimeanzia wapi? Sharti ni hili: kati ya jina na kiasi lazima kuwe na nafasi mbili ao zaidi. Ukiweka moja tu, kiasi kinamezwa na jina. Ukiandika « Matumizi:Nyumba » kisha nafasi moja kisha 150, programu haioni dola 150. Inaona konti mpya inayoitwa « Matumizi:Nyumba 150 », isiyo na kiasi chochote.

Ninayaeleza haya kwa maneno bila kuchora mfano, juu mashine za kupanga gazeti zinapenda kubana nafasi. Mfano wangu ungefika kwenu umekwisha kuharibika, na hiyo ndiyo shida yenyewe.

Nini kinafuata? Programu hizi zinakuruhusu kuacha upande mmoja bila kiasi, zenyewe zikaujaza. Basi kama upande wa pili umeandikwa vizuri, kwamba sanduku limetoa dola 150, programu inajaza upande wa kwanza kimyakimya. Hakuna kelele, hakuna kosa linaloonyeshwa. Hesabu inalingana. Ila pesa imeandikwa chini ya jina ambalo hukulitaka, na mwezi ujao ukilipa 160 litazaliwa jina lingine tena.

Hapo bado ni nafuu. Ubaya mkubwa uko ndani zaidi. Tangu Luca Pacioli alipoichapisha kanuni ya pande mbili huko Venezia mwaka 1494, kila mhasibu anafundishwa kwamba kinachoingia upande huu lazima kitoke upande ule. Kazi ya kanuni hiyo ni ulinzi. Ukikosea upande mmoja, ule wa pili unakusuta. Sasa wazia mtunza hazina ameandika 150 upande wa nyumba kwa nafasi moja, na upande wa sanduku, vidole vikateleza, akaandika 105. Kama nafasi zingekuwa mbili, programu ingekataa palepale: pande hazilingani. Kwa nafasi moja, ile 150 imekuwa sehemu ya jina, programu inajaza 105, na inasema yote iko muzuri. Dola 45 zimepotea mu kitabu na ulinzi wa miaka zaidi ya 500 umekufa kwa nafasi moja.

Na kama mtu aliacha upande wa pili wazi, juu ndivyo kitabu kilivyomfundisha, basi pande zote mbili zinakosa kiasi. Hapo programu inalalamika, kwa Kingereza. Yule mwanafunzi wa siku ya kwanza anaangalia mfano, anaangalia alichoandika, anaona vimefanana. Anasema: « Ii kintu haitumikake », anafunga mashine, anarudia kaye yake.

Wapi nafasi ya pili ilipotelea? Mara nyingi si mkononi mwa mwanafunzi. Ilipotelea mu ukurasa wa maelezo. Kurasa za intaneti ziko na tabia ambayo wengi hawaijui: mu maandishi ya kawaida, nafasi kumi zikifuatana zinaonyeshwa kama moja. Ili nafasi zibaki, mfano lazima ufungiwe ndani ya kisanduku chake, kile watu wa informatiki wanakiita bloki ya kode. Mu Markdown, namna ya uandishi iliyoletwa na John Gruber mwaka 2004, unasogeza mistari nafasi nne kwenda ndani. Mu Markdown za leo unaweza pia kuizungushia alama tatu juu na tatu chini. Mwandishi akisahau, mfano unaonekana mzuri kwa macho, herufi zote zipo, ila umekuwa sumu. Anayeukopia na kuubandika anabandika kosa.

Sisi tunaoandika Kifaransa tuko na mitego yetu ya ziada. Programu nyingi za kuandika barua, zikiwekwa mu Kifaransa, zinaongeza zenyewe nafasi mbele ya zile nukta mbili za juu na chini. Mu barua ni adabu nzuri. Mu faili la hesabu, nukta hizo ndizo zinatenganisha konti kubwa na konti ndogo, na nafasi ikiingia pale, programu inaona jina lingine kabisa. Alama za kunukuu nazo zinageuzwa kuwa za Kifaransa ao zinapindwa, wakati Beancount inataka zilezile zilizonyooka. Vistari viwili vifupi vinavyotangulia chaguo la amri vinaunganishwa kuwa kimoja kirefu, na amri inakataliwa. Anayeandaa fomasio ya kontabilite kwa kubandika mifano mu barua ya kawaida, kisha kuichapa na kuigawia watu, anaweza kugawa makosa bila kujua.

Halafu kuna nukta ya maelfu. Huku kwetu watu wengi wanaandika 250.000 FC, na kila mtu anaelewa ni laki mbili na nusu. Ledger na hledger, zisipoambiwa kitu, zinaichukua nukta hiyo kama alama ya desimali. Zinasoma 250. Koperative iliyolipa wakulima franka 250.000 inaandikiwa franka 250, na kama upande wa pili uliachwa wazi, hesabu inalingana vizuri kabisa. Dawa ipo na ni fupi: mu hledger ni mstari mmoja juu ya faili unaotangaza alama ya desimali, mu Ledger ni chaguo moja la amri. Lakini mifano ya kitabu inaandikwa zaidi na watu wanaotumia nukta kwa desimali, wala hawana sababu ya kuwaza franka ya Kongo. Asipokuja mtu wa huku kuongeza kisanduku kimoja chenye 250.000 FC na ule mstari wa kutangaza, hakuna atakayekiongeza.

Kuna na alama ya dola ambayo si pesa. Vitabu vingi vya informatiki vinaandika alama hiyo mwanzoni mwa mstari kuonyesha kwamba hii ni amri ya kuandika mu terminali. Mzoefu anajua haiandikwi. Mgeni anakopia mstari mzima pamoja na alama, mashine inamjibu kwamba hiyo amri haijulikani. Mu kitabu cha hesabu, ambako ukurasa umejaa dola za kweli, fujo inakuwa mara mbili. Mpangaji mzuri anaondoa alama hiyo na kutenga kisanduku cha amri na kisanduku cha jibu. Kazi ya dakika tano, inayomwokolea mgeni siku nzima.

Najua kuna watakaopinga. Wa kwanza watasema: kama nafasi moja inaharibu hesabu, rekebisheni programu, muache kupamba kitabu. Ni neno la haki, na sehemu yake imekwisha kufanyika. Ledger na hledger ziko na namna ya kukaza masharti: unatangaza majina yote ya konti mapema, kisha jina lolote ambalo halikutangazwa linalalamikiwa ao linakataliwa. « Matumizi:Nyumba 150 » ingekamatwa mara moja. Lakini jiulizeni: mgeni atajulia wapi kwamba kuna ukali huo? Mu kitabu cha maelezo. Na atajifunza kuutumia kwa nini? Kwa mfano ulio ndani ya kitabu hichohicho. Mlango wa programu ni kitabu chake. Ukiwa na taa ndani ya nyumba na mlango umefungwa, aliye nje bado yuko mu giza.

Wa pili watasema: hiyo ni kazi ya wasiojua kuandika programu. Hapana. Kupanga mifano ya Ledger kunakudai ujue pande mbili za hesabu, ujue masharti ya faili, na uendeshe kila mfano uone kama unatoa jibu lililochapwa chini yake. Tena kazi hii inaweza kuharibu kama ikifanywa kwa pupa. Mtu anaendesha chombo cha kunyoosha mistari juu ya kurasa zote, chombo kinabana nafasi mbili kuwa moja, mifano iliyokuwa mizima inakufa yote siku moja. Ndiyo maana waliotengeneza Ledger hawategemei macho peke yake. Mu kitabu chao kikubwa, mifano mingi imewekewa alama isiyoonekana kwa msomaji, na programu ndogo inaisoma, inaendesha amri, inalinganisha jibu na lile lililochapwa. Mfano ukidanganya, unajulikana. Kama wenyewe wanaona mfano unastahili kupimwa sawa vile programu inapimwa, sisi ni nani wa kuudharau?

Wa tatu watasema: hailipi. Kweli, hailipi. Sitamdanganya kijana mwenye njaa kwamba kupanga visanduku kutamnunulia unga. Lakini mu miji yetu tayari kuna kazi nyingi ambazo hazilipi na ambazo hazimfai mtu yeyote, na moja ninataka kuitaja.

Kila mwaka, mu shule zetu za juu za informatiki na za biashara, wanafunzi wanaandika TFC. Ni TFC ngapi zinazobeba kichwa kilekile: kutengeneza programu ya kusimamia stoki ya duka fulani, malipo ya shirika fulani, hesabu za hospitali fulani? Mwanafunzi anahangaika miezi mingi, anasimama mbele ya juri, anapewa pointi zake, na programu inaingia mu kabati. Duka lile linaendelea na kaye. Hospitali ile inaendelea na Excel. Mwaka unaofuata mwingine anaanza upya kutoka sifuri, na yake inaingia mu kabati ileile.

Pendekezo langu: ruhusuni TFC ya namna nyingine. Mwanafunzi achague programu huria moja ya kontabilite. Aendeshe mifano ya sura kadhaa za kitabu chake, mmoja baada ya mwingine. Aandike ipi inafanya kazi, ipi imevunjika, na kwa sababu gani. Arekebishe, apeleke pendekezo kwa wenye programu, asubiri majibu yao, ajibu maswali yao. Asichanganye kupanga mistari na kubadili maneno mu pendekezo moja, ili anayelikagua aone vizuri kilichobadilika. Juri nalo lisimuulize tu « Programu yako iko wapi? » Limuulize: wangapi wanasoma ukurasa huo leo, na kabla yako ulikuwa unasema uongo gani?

Aende na mbele zaidi. Kongo imo mu OHADA tangu tarehe 12 Septemba 2012, na mfumo wa SYSCOHADA uliorekebishwa ulianza kutumika tarehe 1 Januari 2018. Mhasibu wetu hajui « Matumizi:Nyumba », anajua 622. Hasemi sanduku bila 57. Mfano mmoja tu, uliopangwa safi, unaoonyesha faili la hledger lenye namba za SYSCOHADA, franka na dola pamoja, na alama ya desimali imetangazwa, ungemfaa mtu wa Kolwezi na wa Uvira, na hata wa Abidjan na Dakar. Ninaongeza: hledger inatambua yenyewe aina ya konti kubwa zikiwa na majina ya Kingereza ya kawaida, lakini jina la Kiswahili ao namba ya OHADA lazima uitangazie aina yake kwa herufi moja, kama X kwa matumizi. Usipotangaza, ripoti ya faida na hasara inaweza kutoka tupu, na mgeni atadhani programu imekufa. Hilo nalo linataka kisanduku chake.

Na lugha? OHADA inafanya kazi kwa Kifaransa, Kingereza, Kihispania na Kireno. Kiswahili, mojawapo ya lugha nne za taifa mu Katiba yetu, hakimo. Hatuna haja ya kungoja mkataba ubadilishwe ili tuandike karatasi mbili za Kiswahili safi zinazomwonyesha mtunza hazina wa ushirika jinsi ya kuanza. Ila karatasi hizo zikiwa na nafasi moja mahali pa mbili, heri zisingeandikwa.

Wanachama wa ushirika wakikusanyika mwisho wa mwaka, hawaulizi programu iliandikwa kwa lugha gani. Wanauliza: pesa yetu iko wapi? Mtunza hazina aliyejifunza kwa mfano mzima atafungua faili na kuwaonyesha. Aliyejifunza kwa mfano mbovu atasimama mbele ya watu bila jibu, na watu hawatasema mfano ulikuwa mbovu. Watasema amekula.

Basi wakuu wa sekshoni za informatiki na za kontabilite, muko na wanafunzi, muko na mashine chache, na programu zenyewe ni za bure. Anzeni na sura moja mwaka huu.